Mgonjwa wa Mwisho wa Ijumaa

Jumapili, Januari 9, 1994

Daktari wa hospitali amesema niandike kila siku nimelala vipi, nimekula nini, homa ipo au haipo. Nimelala vibaya. Nimekula uji kwa upande wa kushoto wa mdomo. Homa haipo. Sasa kwa kuwa kalamu ninayo mkononi na theluji imeziba mlango, nitaandika na mengine.

Gego la chini, upande wa kulia, limeanza tena. Nikivuta hewa ya nje linanipiga mpaka sikioni, na huku kwetu, kaskazini mwa Marekani, hewa ya Januari si ya kuvuta hata kwa mwenye meno mazima.

Daktari wa meno tunaye mmoja, Waino Rantala. Tunaimba naye kwaya, yeye besi, mimi alto. Mwezi wa kumi na moja nilimwambia kwamba nina virusi vya UKIMWI. Hakuna aliyenilazimisha. Hospitali walisema ni vizuri ajue kwa sababu ya dawa ninazomeza, nami nikadhani daktari ni daktari. Virusi vilikuja na damu niliyoongezewa mwaka 1984 nilipotolewa kizazi, nami nimejua mwaka juzi tu. Katika mji huu wanaojua ni wawili, Rantala na dada yangu Elma. Rantala alinisikiliza, akanishika bega, akasema, "Sylvi, mimi sikufukuzi." Tangu hapo miadi yangu ni Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, mtu wa mwisho wa wiki nzima, na mlango niingilie wa nyuma.

Nilimshukuru kwa moyo wote.

Jumatano, Januari 12

Theluji. Nimekanda na kuoka mikate dukani ninakofanya kazi, nimekwangua theluji njiani, nimelala.

Ijumaa, Januari 14

Leo nilikwenda. Ngazi ya nyuma ina barafu na hakuna anayeimwagia chumvi, maana hakuna anayeipita isipokuwa mimi.

Ndani kila kitu kimefungwa mifuko ya plastiki: kiti, taa, vitasa vya droo, hata swichi ya ukutani. Nilijiona kama kochi la mtu anayehama nyumba. Rantala mwenyewe alivaa glavu mbili mbili, barakoa mbili, kioo cha uso, na aproni ndefu kama ya mchinja nguruwe. Joyce, msaidizi wake, huwa ameshakwenda nyumbani saa hizo, kwa hiyo bomba la kunyonya mate nilishika mwenyewe.

Rantala ni mtu wa maneno. Ukikaa kwenye kile kiti na vidole vyake vipo mdomoni mwako, anakusimulia samaki wote aliowahi kuvua, na wewe unaitikia kwa macho. Kwangu siku hizi hasemi kitu. Alitoboa, akaweka dawa, akaziba kwa muda, jasho likimtiririka ndani ya kioo. Nilipoguna hakusimama. Alipomaliza akarudi nyuma hatua kadhaa ndipo akazungumza.

"Jino linaokoka," alisema. "Lakini mzizi umeoza nusu. Nahitaji kuusafisha mara mbili tatu. Wiki ijayo usikose. Hili si jino la kungoja."

"Sikosi," nilimwambia. "Nitakuja hata kwa kutambaa."

Hakucheka. Alikuwa analitazama beseni nililotemea.

Ijumaa, Januari 21

Tufani. Barabara zimefungwa tangu saa nane. Rantala amepiga simu, ameahirisha hadi Ijumaa ijayo. Nimemuuliza Jumatatu je. Amesema, "Sylvi, unajua hali."

Jumamosi, Januari 22

Nimekwenda kwa Elma kwa sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Tangu mama yetu alipokuwa hai, Jumamosi ni ya sauna, na aliyealikwa huingia kwanza, moto ukiwa mpya na mbao zikiwa kavu. Mwaka jana Elma alianza kunipa zamu ya mwisho. "Ili ukae unavyotaka, mdogo wangu, bila mtu kukuharakisha." Nikiingia mimi, mawe yameshapoa, maji kwenye ndoo yamebaki kikombe kimoja. Nikitoka, namsikia akimwaga dawa ya kuua vijidudu sakafuni.

Baadaye tulikunywa kahawa na donge la sukari kati ya meno, kama tulivyofundishwa. Kwa upande wa kushoto tu, leo.

"Mbona unakunja uso?" Elma aliuliza.

"Jino."

"Rantala anasemaje?"

"Anasema Ijumaa."

Akanikatia mkate nilioleta mimi mwenyewe. Aliutazama kidogo kabla ya kuuma. Nimeona, wala sikusema kitu. Nimechoka kuona vitu.

Jumanne, Januari 25

Jua, anga safi, barabara zimekwanguliwa. Saa nne asubuhi nilipita na gari la mikate mbele ya kliniki. Kiti kilionekana dirishani, kitupu. Joyce alikuwa anakunywa kahawa na kusoma gazeti. Nikaegesha, nikaingia kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

"Joyce, hamna mtu?"

"Wawili wameghairi, baridi imewashinda," alisema. Kisha akanyanyua kichwa akaniona ni nani, na sijui Rantala alimwambia nini, lakini gazeti alilikunja. "Wewe ni Ijumaa, Sylvi."

"Najua mimi ni Ijumaa. Lakini leo mna nafasi."

"Nafasi yako ni Ijumaa, mama. Mimi sipangi."

Nikaendelea kugawa mikate.

Ijumaa, Januari 28

Leo nitaandika mengi, na kesho nikiamka kukanda nitajilaumu.

Nilifika, plastiki kama kawaida. Leo Rantala alikuwa na furaha, labda kwa sababu wiki imeisha. Juu ya meza palikuwa na sanduku la bati lililozungushiwa utepe mwekundu. Nikauliza ni la nini. Alilifungua mwenyewe ili nione, kama mtu anayeonyesha zawadi.

"Hivi ni vyako peke yako," alisema. "Koleo, kioo, sindano, na keekee ya kutobolea jino. Havichanganyiki na vya mtu mwingine. Na kila ukishaondoka navipika vyote kwenye mashine ya mvuke, keekee na kichwa chake, nusu saa nzima. Nimefanya hivi kwa ajili yako, Sylvi. Usidhani nakubagua. Hakuna mtu katika mji huu anayetibiwa kwa vifaa safi kama wewe."

Nilikuwa nimeshaanza kusema ahsante. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Na keekee ya watu wengine?" nikauliza.

"Ile tunaipangusa kwa spiriti."

"Haipikwi?"

"Ukiipika kila mara inaharibika. Ni vyombo vya bei, hivi. Halafu wale ni watu wa kawaida tu. Nawajua tangu utoto wao."

Alisema bila aibu hata kidogo. Alikuwa ananitoa wasiwasi.

Nikatulia, akaanza kazi. Alipokuwa anachokoa mzizi, mimi nilikuwa nahesabu miaka. Nilikaa kwenye kiti hiki kama mtu wa kawaida tangu mwaka 1984 hadi mwaka juzi nilipojua hali yangu; baada ya hapo sikurudi hadi Novemba. Alinijua tangu utoto wangu. Aliipangusa keekee ileile kwa spiriti, akamwita wa nyuma yangu. Na mara ngapi wa nyuma yangu alikuwa Elma? Tulikuwa tunakwenda pamoja, kwa gari moja, ili kuokoa petroli. Mimi kwanza, kwa sababu ninaamka mapema.

"Waino," nilisema alipotoa mikono. Sikumwita daktari. "Kabla sijakwambia, ulikuwa unanitibu kwa ipi?"

Nilimwona anafika pale nilipofika mimi, hatua kwa hatua, na uso wake nyuma ya kile kioo ukawa wa mzee.

"Hilo lisitoke humu ndani," alisema. "Kwa faida yako wewe, Sylvi. Fikiria watasema ni nani aliyewaletea."

Hakumaliza mzizi. Aliziba kwa muda, akasema tuendelee Ijumaa.

Jumapili, Januari 30

Kanisani Rantala aliimba akitazama kitabu, ingawa wimbo ule anaujua kwa moyo. Elma alikaa karibu nami, akaniwekea mkono begani kwa sababu ubao wa kiti ni wa baridi. Sikumwambia.

Jumanne, Februari 1

Sijamwambia.

Alhamisi, Februari 3

Nimemwambia. Jikoni kwake, mume wake akiwa kazini. Nilimweleza yote, sanduku, utepe, spiriti, na zile safari zetu za gari moja.

Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya kiazi hadi kikabaki kama zeituni.

"Kwa nini umeniambia?" alisema.

"Ili ukapime, dada."

"Miaka yote ile ulikuwa unatangulia wewe."

"Sikujua. Wala wewe hukujua. Yeye ndiye mwenye kazi ya kusafisha."

"Usinitajie yeye. Nakuuliza wewe. Kwa nini usingelala usingizi kama watu, ukaniacha mimi niende kwanza?"

Hilo lilikuwa neno la kijinga, naye alijua ni la kijinga, na lilinichoma vilevile. Nilichukua koti langu. Alinifuata hadi mlangoni akiwa bado ameshika kisu cha viazi, akaniuliza hospitali wanapima siku gani.

Ijumaa, Februari 4

Tufani tena. Nimeanza kuamini theluji nayo imeandikiwa Ijumaa. Kliniki imefungwa. Jumatano kulikuwa na jua.

Jumamosi, Februari 5

Sikualikwa sauna.

Jumanne, Februari 8

Jino limeamka. Arvid, mwenye duka la mikate, kaniuliza mbona nimevimba. Nimesema nzi kaniuma. "Nzi wa Februari," alisema, "huyo ni wa kufuga."

Ijumaa, Februari 11

Nilikwenda, nikakuta karatasi kwenye mlango wa nyuma. Rantala yuko ziwani, mashindano ya kuvua kwenye barafu. Amesahau kuniambia. Nikasimama pale kwenye ngazi nikiwa na shavu kama andazi. Nilitaka kulia lakini baridi hairuhusu, machozi yanaganda kwenye kope.

Jumatano, Februari 16

Naandika nikiwa hospitalini, maili sitini kutoka nyumbani. Jumapili homa ilipanda, asubuhi ya Jumatatu sikuweza kufungua mdomo wala kumeza mate. Arvid ndiye aliyenileta, na gari la mikate, nikiwa nimelala katikati ya trei. Wamenipasua chini ya taya wakatoa usaha. Sasa napumua vizuri, dawa inaingia kwa mshipa, na jino bado lipo palepale.

Daktari Pruitt, yule mwanamke anayenitibu tangu nijulikane kuwa na virusi, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Hukaa kitandani, yeye. Wengine husimama mlangoni.

"Jino hili lilianza kutibiwa katikati ya Januari," alisema. "Kwa nini tuko hapa?"

Nikamweleza Ijumaa zangu. Nikamweleza sanduku. Alisikiliza hadi mwisho, na kwa kawaida yeye ni mtu wa kukatiza.

"Anadhani anajikinga na wewe," alisema. "Wewe ndiye mtu pekee mjini anayeijua hali yake mwenyewe. Kinga ni ya kila mdomo, Sylvi, kwa sababu wengi hawajui walicho nacho. Wewe mwenyewe hukujua miaka minane. Angepika vyombo vya kila mtu na kubadilisha glavu kwa kila mtu, asingehitaji plastiki, wala Ijumaa, wala utepe."

"Na Elma?"

"Uwezekano ni mdogo sana. Lakini apime. Wote wapime, ili walale."

Kisha akaandika namba ya simu ya mwanasheria anayesaidia watu bila malipo, akaiweka chini ya glasi yangu ya maji.

Ijumaa, Februari 18

Elma amekuja. Alisimama mlangoni kwanza na koti lake, theluji ikimyeyukia mabegani.

"Sina," alisema.

Nikamwambia ashukuriwe Mungu. Kisha akaja akakaa, si kitini, kitandani, akanikalia mguu bila kujua.

"Wiki mbili nimekuchukia," alisema. "Nilikuwa napika nakuchukia, nafua nakuchukia. Leo nimepewa jibu, nikaingia garini, nikawa nimeshaanza kukupenda tena kwa sababu sina. Nikaona aibu. Ningekuwa nayo, ungekuwa na kosa gani? Kosa lingekuwa lilelile, la Waino na kitambaa chake cha spiriti."

"Umenikalia mguu, dada."

"Nyamaza. Umekonda."

Alilia, nami nikalia, na muuguzi akaja kutupimia joto sote wawili kwa makosa.

Alhamisi, Februari 24

Nyumbani. Mwanasheria amekuja, Bi. Colette Bergeron, mwanamke mnene mwenye buti za mwanamume. Amenieleza kwamba ipo sheria mpya ya watu wenye ulemavu, na kwamba kliniki ya meno haina ruhusa ya kumtenga mtu kwa sababu hiyo.

"Ulemavu?" nilimuuliza. "Mama, mimi nabeba gunia la unga begani."

"Najua. Lakini sheria haiangalii mwili wako tu. Inaangalia na wanavyokutendea kwa sababu yake. Ulipitishwa mlango wa nyuma?"

"Nilipitishwa."

"Ulinyimwa siku yenye nafasi?"

"Nilinyimwa."

"Basi sheria imekuona."

Sikupenda lile neno, na bado silipendi. Nimeishi miaka arobaini na saba bila kuitwa hivyo, na sasa nalihitaji ili nizibiwe jino. Bi. Bergeron alisema jambo moja zaidi, polepole: tukilalamika, jina langu litajulikana. Mji wa watu elfu mbili hauna pazia.

Jumatano, Machi 2

Kabla ya kutia sahihi malalamiko nilimwambia Arvid kuhusu virusi, kwa sababu mkate ni wake na mikono ni yangu. Tulikuwa tunakunja mikate ya iliki. Alikunja mmoja mzima, akaupaka yai, akaunyunyizia sukari.

"Inapita kwenye mkate?" aliuliza.

"Haipiti."

"Una hakika?"

"Daktari ana hakika. Hata unga ungekuwa nayo, tanuri lingeiua."

Akakunja mwingine. "Watu hawatanunua," alisema.

"Najua. Nikiondoka nitakuelewa."

"Uende wapi? Nani mwingine ataamka saa tisa kukanda? Mimi?" Akanirushia kitambaa. "Tutauza kidogo. Mimi pia nimezeeka, kidogo kinanitosha."

Nimetia sahihi mchana.

Jumanne, Machi 8

Imejulikana.

Jumatano, Machi 9

Mikate kumi na mmoja imerudi. Bi. Hilja Saari, ambaye ananunua mkate wa iliki kila Jumatano tangu mumewe akiwa hai, amepita dukani bila kugeuza shingo. Amekwenda kununua biskuti kwenye duka la kituo cha petroli. Biskuti za petroli, yeye aliyenifundisha kusuka mikate.

Jumapili, Machi 13

Kwaya wamenihamishia mwisho wa mstari, eti kwa ajili ya urefu. Urefu wangu haujabadilika.

Watu wanakwenda kupima, familia kwa familia. Kwenye foleni, anasema Elma, hawamtaji Rantala. Wananitaja mimi. Mmoja alisema nilikaa kimya makusudi. Elma alimwuliza ananyamazaje mtu asiyejua, akajibiwa kwamba lazima nilihisi. "Nikamwambia, wewe nawe umekaa na ujinga miaka hamsini, umewahi kuuhisi?" Ndivyo alivyomjibu, dada yangu, mbele ya foleni nzima.

Jana alinitanguliza sauna. Moto ulikuwa mkali, nilitoka kama kamba aliyechemshwa.

Ijumaa, Machi 18

Rantala alikuja dukani tukiwa tunafunga. Arvid akaenda nyuma kuhesabu magunia ambayo hayapo.

Amekonda. Watu hawaendi kwake pia, wanaendesha maili sitini kuliko kukaa kwenye kile kiti. Alivua kofia akaizungusha mikononi.

"Nimekukosea nini, Sylvi?" alisema. "Nauliza kwa dhati. Wenzangu wangekwambia waziwazi usije. Mimi nilikupokea. Nilibaki kazini Ijumaa, baada ya wiki nzima, mgongo unaniuma, peke yangu, kwa ajili yako."

"Ulinipokea kwa mlango wa nyuma, Waino."

"Nilikuwa nakulindia siri."

"Uliilinda. Halafu ukaenda kuvua samaki, mimi nikabebwa na trei za mikate."

Aliitazama kofia. "Niliogopa," alisema. "Mke wangu alinikataza hata kukugusa. Nikirudi nyumbani, anataka nioge kwanza ndipo nikae mezani." Kumbe mke wake naye alikuwa anajua.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira miezi miwili, na hasira yenyewe ilikuja kidogo tu. Kilichobaki kilikuwa uchovu. Nilimwambia ukweli: kwamba mimi naogopa pia, kila siku, na bado nakwenda kazini, na kwamba yeye akinitibu Jumanne saa nne kama watu, kwa vyombo vilivyopikwa kama vya watu wote, sitaki zaidi. Sitaki fedha zake. Ameyasikia au hakuyasikia, sijui. Alinunua mkate mmoja, na leo hiyo si kidogo.

Jumatatu, Machi 21

Theluji inaanguka kutoka kwenye paa. Jino linauma.

Alhamisi, Machi 31

Wamemaliza kupima, angalau wale waliotaka. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na virusi. Bi. Bergeron amenipigia simu kunieleza, na nikakaa sakafuni jikoni. Sikujua nilikuwa nimeubeba mji mzima mgongoni.

Hakuna aliyekuja kusema samahani. Nilisubiri kidogo, kisha nikaenda kulala.

Jumatano, Aprili 13

Rantala amekubali bila mahakama. Vyombo vya kila mgonjwa vitapikwa, keekee pia, vitafunguliwa kwenye mfuko mbele ya macho yake. Hakuna siku ya mtu fulani wala mlango wa mtu fulani. Amenunua keekee nyingine sita. Bi. Bergeron amesema nimeshinda. Nimemwomba aniambie tena, kwa sababu nilikuwa nasikiliza jino.

Jumanne, Aprili 19

Miadi saa nne asubuhi, mlango wa mbele. Barabara zina matope, mifereji inapiga kelele.

Chumba cha kungojea kilikuwa kitupu isipokuwa mimi. Joyce aliniita kwa jina langu kamili kama wanavyoitwa wengine, akanifunga kitambaa shingoni, na akabaki. Kiti hakikuwa na plastiki. Ngozi yake ni ya kijani, nilikuwa nimesahau. Rantala alivaa glavu jozi moja na barakoa moja. Akachana mfuko mbele yangu.

Alitazama mdomoni kwa muda mrefu.

"Haliokoki tena," alisema. "Mfupa umeliwa. Ingekuwa Januari, ningeliokoa."

"Januari nilikuwepo," nilimwambia. "Jumatatu hadi Alhamisi nilikuwepo."

Alinichoma ganzi, akangoja ishike, akauliza kama nahisi, nikasema nahisi, akaongeza. Joyce alishika bomba. Jino lilitoka vipande vitatu na Rantala hakusimulia samaki hata mmoja. Mwishoni aliniwekea pamba, akaniambia niume. Aliniambia pia, "Nisamehe." Mdomo ulikuwa na ganzi na pamba, sikuweza kumjibu, na kusema kweli nilifurahi kwamba siwezi.

Nilipotoka nikamkuta Bi. Hilja Saari amekaa chumba cha kungojea, kofia kichwani, mkoba magotini, shavu limevimba. Hatujasemeshana tangu Machi. Nilijua ananiona natoka wapi. Nikasimama pale na pamba yangu na damu kidogo kidevuni, nikingoja anyanyuke aende zake. Tangu Novemba hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye kile kiti mara tu baada yangu, siku ileile.

Akanyanyuka.

"Umekaa sana humo ndani," alisema. "Mwanangu ananingoja nje, injini inawaka, petroli inakwisha. Hebu nipishe."

Nikampisha. Joyce alimwambia angoje kidogo wasafishe kiti na kuleta vyombo vingine. "Basi safisheni upesi, mimi nakaa," alisema Bi. Hilja, akaingia. Niliketi kwenye kiti chake cha kungojea, nikauma pamba. Kupitia mlango nilimsikia akimwambia daktari ashushe taa, inamchoma macho.